Ukucha mmoja nje ya mstari: Shangazi na mapezi ya mbao za mawimbi

Shangazi amefumba macho. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kinapanda taratibu juu ya kipande cha faibaglasi chenye umbo la pezi la samaki, kinafika nchani, kinashuka, kinapanda tena. Mashine ya kusagia imezimwa. Karakana, ambayo si kubwa kuliko chumba cha kulala, imetulia kabisa.

"Hapa pana tumbo," anasema bila kufumbua macho. "Wewe hulioni. Maji yataliona."

Anachukua msasa, anasugua mahali pale, anapuliza vumbi na kupapasa upya. Safari hii anafumbua macho na kutabasamu kama mpishi aliyeonja akaridhika.

Pezi hilo ni moja kati ya matatu yatakayofungwa chini ya ubao wa mawimbi, ule ubao mwepesi ambao vijana husimama juu yake na kuteleza na wimbi kuelekea ufukweni. Jumamosi hii ubao wenyewe utambeba binti wa kaka yake katika mashindano. Ni mara ya tatu binti huyo anashindana. Ila ni mara ya kwanza, kwa maneno ya Shangazi mwenyewe, anashindana kwa mapezi ya kweli.

"Mara mbili zile nilimdanganya," anasema, kisha anarudi kwenye msasa wake kana kwamba ametaja bei ya nyanya.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, mabega ya fundi seremala na ulimi usiopenda kuzunguka. Binti ndiye aliyeanza kumwita shangazi, kwa haki yake. Wateja wakadaka, na leo hata wanaume waliomzidi umri wanaingia hapa na kusema, "Shikamoo Shangazi," naye anawaitikia marahaba bila aibu.

Jambo moja wateja wapya huwa hawaliamini. Mwanamke huyu, ambaye mapezi yake yamefungwa chini ya mbao nyingi za ufukwe ule, hajui kuogelea.

"Bahari naijua mpaka kwenye magoti," anasema. "Zaidi ya hapo naisikia kwa watu."

Mwandishi anauliza swali ambalo bila shaka ameshaulizwa mara nyingi: kipande kidogo namna hii kinaweza kubadili nini? Shangazi anamwongoza mpaka kwenye pipa la maji lililo mlangoni.

"Tia mkono. Kunja shati kwanza, usije ukanidai sabuni."

Anamwelekeza anyooshe kiganja, vidole pamoja, kisha akipitishe majini kwa ukingo kama kisu. Mkono unapita bila taabu. Sasa ausukume kwa upande wa kiganja. Maji yanakataa. Mwishoni anamwambia apitishe tena kwa ukingo, lakini aulaze mkono kidogo sana. Mkono unavutwa pembeni wenyewe, kama umeshikwa na mtu aliye ndani ya pipa.

"Umesikia? Hapo ndipo kazi yangu ilipo," anasema, akicheka sura ya mgeni wake. "Ubao usio na pezi ni sabuni kwenye sakafu yenye maji. Pezi linaupa ubao mahali pa kuegemea."

Baada ya hapo maneno yanamtoka kwa raha. Pezi refu linashuka chini na kushika maji mengi, hivyo ubao unatulia na kwenda pale ulikoelekezwa. Ukitaka kuugeuza ghafla, unakujibu, subiri kwanza. Pezi dogo linashika kidogo, na ubao unageuka kwa kubonyeza tu kidole cha mguu. Lakini ukizembea, mkia unakuponyoka.

Ncha ikilala sana nyuma, ubao unapenda kona ndefu na pana. Ikisimama wima, ubao unajipinda pale pale. Pezi gumu linajibu upesi ila linachosha miguu. Lile linalonyumbulika kidogo nchani linajikunja na kukurudishia nguvu zako unapotoka kwenye kona. Mapezi mawili ya pembeni huwa bapa upande wa ndani na yenye tumbo upande wa nje. La katikati lina tumbo pande zote mbili.

Haya yote anayasoma kwa rangi. Faibaglasi yake anaipanga kitambaa juu ya kitambaa kwa gundi, cha bluu, cheupe, cha bluu tena, na ikikauka na kusagwa, tabaka hizo hujitokeza kama pete ndani ya gogo lililokatwa. Pete zikikaribiana sawasawa, unene umeshuka vizuri. Zikipinda, pana kosa. Vumbi lake linawasha kama upupu, ndiyo maana hufanya kazi akiwa amejifunga kitambaa mpaka puani, hata siku za joto.

"Wao wana lugha yao," anasema kuhusu wapanda mawimbi. "Anakuja mtu anakwambia, Shangazi, ubao umekufa. Maana yake haugeuki. Mwingine anasema unaimba. Huyo ukingo wa nyuma wa pezi lake ni mnene, maji yanapita yanapiga kelele. Wakisema umeachia, mkia umewaponyoka. Wakisema umeshika, hapo mimi nalala usingizi."

Kazi hii hakuitafuta. Kwa miaka kumi na mmoja alichonga miguu ya viti katika karakana ya samani, mpaka mwenye karakana alipoona ni nafuu kuuza viti vilivyotoka kiwandani. Wafanyakazi wakaaga, naye akabaki na patasi zake na nusu ya chumba cha kupanga.

Aliyemwingiza kwenye mapezi ni mkodishaji mbao anayejulikana ufukweni kwa jina la Chumvi, kwa sababu nywele zake hazijawahi kuonekana bila chumvi ya bahari. Alikuja siku moja na pezi la pembeni lililovunjika, akaomba achongewe jozi moja mpya, hata ya mti.

Shangazi akachonga kwa uangalifu wote. Lakini alikuwa amezoea miguu ya viti, na mguu wa kiti ukishatengeneza mmoja, mitatu inayobaki unanakili. Akatengeneza mapezi mawili yaliyofanana kama mapacha, yote ya upande wa kushoto.

"Ubao ulikwenda upande kama kaa!" anasimulia Chumvi, aliyepita karakanani kuazima msasa na hakuondoka tena. "Niliingia majini hapa, nikatokea kule kwenye mawe. Watu wakaniuliza kama nimehama."

"Na ulirudi," anasema Shangazi.

"Nilirudi kwa sababu yalikuwa mazuri. Mabaya ya kuyapanda, lakini mazuri."

Leo, msimu wa mawimbi ukiwa mzuri, anauza seti kumi hadi kumi na mbili kwa mwezi. Msimu ukilala zinashuka mpaka tatu, naye hurudi kukarabati vigoda na milango ya majirani. Mapezi ya plastiki ya kiwandani ni rahisi kuliko yake na yapo kila duka. Wanaokuja kwake wanajua wanachokifuata: pezi lililokatwa kwa uzito wao, kwa mguu wao wa mbele, kwa wimbi lao.

Yupo mteja mmoja ambaye hajawahi kulipa na hatalipa.

Binti aliletwa kwake akiwa na miaka tisa, wakati baba yake, kaka wa Shangazi, alipopata kazi mbali. Ilikuwa iwe kwa muda. Sasa ana miaka ishirini na miwili, baba yake hupiga simu kila wiki, na nyumbani kwake ni hapa. Bahari aliijua akiwa bado shuleni, kwa mbao za kuazima za Chumvi. Shangazi alikuwa akimsindikiza mpaka mchangani na kusimama pale na taulo, ili mtoto akitoka asipate baridi.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya wimbi kubwa, alisimama na taulo kama kawaida. Akamwona binti akishuka juu ya wimbi, akaona mkia wa ubao ukizunguka, halafu hakuona kitu tena ila povu.

"Nilingoja atokee. Hakutokea. Likaja wimbi jingine juu ya lile," anasema. Msasa umesimama mkononi. "Niliingia mpaka magotini, nikashindwa. Miguu ilikataa. Mtoto anazama, mimi nina taulo. Umewahi kujiona hufai kitu? Mimi siku hiyo nilijiona."

Binti alitokea mbali kidogo, amepasuka juu ya jicho, na Chumvi ndiye aliyemvuta. Alipoulizwa ilikuwaje, alijibu kwa neno moja la lugha yao: uliachia.

Neno hilo lilimkaa Shangazi kifuani. Watu husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye anasema hakumzaa binti, lakini uchungu ulipokuja haukumuuliza.

Umbo la mapezi ya binti walikuwa wamelichora pamoja kwenye karatasi ngumu, kama ile ya fundi cherehani, na kuitundika kwenye msumari ukutani. Seti iliyofuata baada ya ajali, Shangazi alipofuata mstari kwa msumeno, mkono wake ulitoka nje. Mwanzo ulikuwa unywele mmoja. Seti iliyofuata, nywele mbili. Baada ya mwaka ilikuwa upana wa ukucha wa kidole kidogo, kuanzia ncha mpaka ukingo wa nyuma, na unene aliuacha bila kuumaliza ili pezi liwe gumu.

"Pezi kubwa halimwachi mtu," anasema. "Ndicho nilichokijua. Nikasema, mimi siwezi kuingia majini kumshika, basi pezi limshike."

Na lilimshika kweli. Lilimshika mno.

Katika mashindano ya kwanza waamuzi walisema binti ana mwendo mzuri ila anageuka kwa uzito. Mwaka uliofuata walisema maneno yale yale, na akatolewa raundi ya awali. Ubao ule hakuwahi kuushuku. Angeushuku vipi? Mapezi yalitoka mikononi mwa shangazi yake. Alichokishuku ni miguu yake.

Akaanza kujifunza kusimama juu ya kipande cha mbao kilicholazwa juu ya gogo la mviringo uani, kila jioni, mbele ya dirisha la karakana.

"Anaanguka, anainuka, anaitukana miguu yake," anasema Shangazi. "Na mimi nipo hapa dirishani, nina msasa mkononi, najua tatizo liko wapi."

Baada ya kutolewa mara ya pili, binti aliugeuza ubao ukatazama ukuta. Akasema Shangazi, mimi sina miguu ya kitu hiki, na kwamba duka la vifaa vya ujenzi linatafuta mtu wa kukaa kaunta. Shangazi akamfariji. Akamwambia riziki haina mlango mmoja.

Hapa anamnyooshea mwandishi kidole.

"Moyo wangu ulifurahi. Andika hivyo hivyo, usinipake mafuta. Mtoto analia, mimi ndani nafurahi kwamba haingii tena baharini."

Mwandishi ameandika hivyo hivyo.

Siri ilifichuka mwezi uliopita kwa jambo dogo. Chumvi alikuwa na ubao wa zamani aliotaka kujua kama bado unafaa kukodishwa, akamwomba binti aujaribu kabla hajaanza kazi ya kaunta. Chini yake yalikuwa mapezi madogo ya plastiki, ya bei rahisi kabisa.

Binti, mwembamba mwenye kovu dogo juu ya jicho, aliyekutana na mwandishi ufukweni asubuhi, anasimulia kwa mikono kuliko kwa mdomo. Alipanda wimbi la kwanza, akaegemea kwa nguvu zote kama alivyozoea, na ubao ukamzungusha na kumtupa. La pili vilevile. Wimbi la tatu aliamua kubonyeza kidogo tu.

"Niligeuka kabla sijamaliza kufikiri," anasema. "Nikageuka tena. Nikasema, ala! Kumbe naweza?"

"Nilimwona anacheka peke yake huko majini," anasema Chumvi. "Nikadhani amepigwa na jua."

Alitoka mbio kwenda nyumbani kumweleza shangazi yake habari njema. Njiani, anasema, miguu ilianza kupunguza mwendo yenyewe. Alipofika alikuwa anatembea. Hakusalimu. Aliuchukua ubao wake ukutani, akafungua mapezi yake, akaitoa karatasi kwenye msumari na kulilaza pezi la kwanza juu yake.

"Shangazi, hili limepita mstari."

"Msasa haujalimaliza."

"Na hili?"

"Nalo."

"Na la katikati?"

Binti aliyapanga yote matatu juu ya meza, moja baada ya jingine, taratibu.

"Miaka mitatu naipiga vita miguu yangu," akasema. "Kumbe breki imefungwa nyumbani."

Siku mbili zilizofuata, nyumba haikuwa na maneno. Ukiomba maji unapewa, lakini neno hupati. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwingine akaichukua kaunta, kwa kuwa binti hakutokea. Chumvi, ambaye hajui kukaa mbali na moto, alikuja kuchungulia.

"Nilimwambia, Shangazi, njia ya mwongo ni fupi," anasema. "Yako ilikuwa na urefu wa ukucha."

"Nikamrushia msasa," anasema Shangazi.

Siku ya tatu alimfuata binti uani, alikokuwa amekalia lile gogo la mazoezi. Anasema hakuwa na maneno mengi. Alimwambia: "Nisamehe, mwanangu. Siku ile nilikuwa na taulo tu."

Alichojibu binti amekikariri.

"Na mimi naogopa, Shangazi. Kila siku naogopa. Lakini woga wangu najua ulipo. Wako ulinifungia miguuni bila kuniambia."

Kisha akamwomba kitu kimoja: akatiwe mapezi ya kwenye mstari, na yeye atashindana tena.

Kukata kwenye mstari kumekuwa kazi ngumu kuliko alivyotarajia. Seti tatu zimeharibika. Anasema mkono ukifika kwenye kona ya ncha unataka kutoka nje wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Mara mbili alilazimika kuuzima msumeno, akatoka nje, akanywa maji, akarudi. Haya ya leo ni seti ya nne, na pete zake za bluu na nyeupe zimekaa sawa.

Woga haujaisha, na hajidai kwamba umeisha. Mwandishi anapomuuliza anatarajia nini Jumamosi, kama ni kikombe au angalau raundi ya pili, anatikisa kichwa.

"Ashinde asishinde, hilo ni lake," anasema. "Mimi naomba kitu kimoja. Akianguka, aanguke kwa miguu yake mwenyewe. Asianguke kwa woga wangu."

Jua linaanza kuingia mlangoni binti anapofika, ubao kwapani. Shangazi anajifuta mikono kwenye aproni, anachukua mapezi matatu mapya, anaitoa karatasi ngumu msumarini na kumkabidhi vyote pamoja.

"Pima," anasema.

Binti anapitisha kidole gumba juu ya pezi la katikati, kutoka chini mpaka nchani, kama alivyofundishwa utotoni. Anafumba macho. Anafumbua. Halafu anairudisha karatasi kwenye msumari wake bila kuitumia.

"Ukisema ni mstari, ni mstari."

Shangazi anageuka haraka kutafuta kitu kwenye rafu, na inachukua muda kidogo kabla hajageuka tena. Anakaa kwenye kigoda akimtazama binti akiyafunga mapezi moja moja kwa ufunguo mdogo. Yale makubwa ya zamani bado yako pembeni ya meza. Anayakusanya na kuyapeleka kwenye pipa la takataka.

"Hayo usitupe," anasema binti bila kuinua kichwa. "Kuna mtu yatamfaa."

"Nani wa kuyataka haya?"

"Chumvi ana ule ubao mpana wa kujifunzia. Tutayafunga pale. Jumapili, bahari ikiwa imetulia."

"Nani anajifunza?"

"Wewe."

Kwenye kizingiti, Chumvi anageuza uso kuficha kicheko. Shangazi anayatazama mapezi mkononi mwake, kisha anamtazama binti.

"Hata kuogelea sijui, mwanangu."

"Huogelei. Unalala tu juu ya ubao, maji ya magotini, mimi nakusukuma. Miaka yote hii unawakatia watu kitu ambacho hujawahi kukisikia."

"Na ukiniponyoka?"

"Kwa mapezi hayo?" Binti anakaza skrubu ya mwisho na kuinuka. "Hayo hayamwachi mtu. Nayajua mimi."

Shangazi anaondoka penye pipa. Anayafuta vumbi kwa kona ya aproni, moja, jingine, la katikati, na kuyaweka mezani taratibu. Analitazama taulo lake lililoning'inia nyuma ya mlango.

"Sasa," anauliza, "na taulo nani atalishika?"